Wafalme Wawili Waliotupwa

Jumamosi, 4 Mei

Nimeshinda tena. Jumamosi ya sita mfululizo! Tulikuwa sita kama kawaida, chumba kile cha juu ya duka la mapazia, madirisha wazi, chupa za maji mezani. Tukishuka ngazi, Profesa akaniambia napoteza umri wangu. Huyu ndiye aliyenifundisha poka. Si profesa wa chochote, ni ile miwani tu inayompa cheo, na miwani yenyewe nilimpimia mimi. Anasema mtu anayesoma sura za watu kama mimi hana sababu ya kukaa kwenye chumba cha giza kutwa nzima akiuliza, "Hii au hii? Ipi unaiona vizuri?" Niache kazi. Nicheze poka, iwe ndiyo kazi. Anazijua meza kubwa za miji mingine, atanipeleka.

Nilicheka. Nimefika nyumbani bado nacheka peke yangu jikoni. Sijaipenda hiyo.

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kesho, na pasi haikusimama hata kidogo. "Fanya unavyoona." Basi, kamaliza.

Miaka kumi na minne tunabishana, hadi rangi ya ndoo tumewahi kununiana. Leo fanya unavyoona? Ana lake huyu.

Jumatano, 8 Mei

Profesa kaja kazini kwangu, duka la miwani. Eti fremu imelegea. Haikulegea. Nimekaza skrubu iliyokuwa imekaza. Wakati nakaza akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, nimefanya kazi hapa miaka mingapi. Kumi na tisa. Na mtu akiacha, kiinua mgongo anapewa chote kwa mpigo au kidogo kidogo?

Nikamwambia sijui. Najua vizuri sana. Kwa mpigo.

Yeye kinamhusu nini? Na mimi — kwa nini nilidanganya? Kama ningekuwa namwamini ningejibu tu.

Ijumaa, 10 Mei

Mashine mpya imefika. Inapima macho yenyewe, sekunde chache, inatoa karatasi. Kazi yangu leo ilikuwa kumwambia mtu weka kidevu hapa, usipepese. Kidevu hapa. Usipepese. Mara ishirini na tatu. Mwenzangu wa kaunta anasema nishukuru, kazi imekuwa nyepesi. Nyepesi kwa nani?

Mchana nikaandika barua ya kuacha kazi. Mistari minne. Nimeisukuma chini ya mlango wa Bi Lenzi — bosi, hilo jina hatumwiti mbele yake. Yuko safarini hadi Jumatatu. Labda ndiyo maana nimeisukuma leo. Najijua.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Swali la Jumatano limekataa kunitoka. Nikajiuliza: hizi Jumamosi sita, nashinda mimi au naachiwa? Mtu akitupa karata kwa kuniogopa na mtu akitupa makusudi, kwa macho wanafanana kabisa. Kwa hiyo nikaamua kupima. Kupima ndiyo kazi yangu.

Nilisubiri hadi mgawo wa tano hivi. Nikapewa karata zangu mbili. Nikazifunika kwa kiganja, nikainua pembe kama ninayechungulia, macho yangu nikayaweka kwenye kifuniko cha chupa. Sikuona kitu. Nikasukuma dau lote katikati.

Fundi saa akatupa. Wawili wengine wakatupa. Mwalimu wa kuogelea akatupa huku anapiga miayo. Akabaki Profesa. Akavuta pumzi, akatikisa kichwa, akatupa. Karata zikagonga chupa yangu zikageuka uso juu.

Wafalme wawili.

Hizo mtu anazingoja mchana kutwa! Ni ree mbili tu zinazozishinda. Hakuna mtu anayezitupa kabla hata karata ya kwanza ya mezani haijafunuliwa. Fundi saa akaanza kutazama dari. Hakumtazama Profesa, wala mimi — dari.

Profesa akatabasamu. "Nilikusoma, dada. Ulikuwa na ree mbili. Ukipata karata nzuri shingo yako hunyooka."

Shingo gani? Sikuwa nimeona kitu cha kuninyoosha shingo!

Nikazichungulia zangu kwa mara ya kwanza. Saba na mbili, tena za rangi tofauti. Takataka kuliko zote. Nikazirudisha kifudifudi kwenye fungu. Nikamwambia, "Kweli kaka, umenisoma." Akafurahi. Akasema ndiyo hivyo, niko tayari kwa meza kubwa, nije tu na mtaji wangu.

Wananinenepesha, wanichinje na kiinua mgongo changu. Nimeliona kwa macho yangu.

Ila kuna kitu kingine, nakiandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Njiani kurudi nilifikiri: je, kama aliamini kweli? Kama uongo wangu ulikuwa mzuri kiasi hicho — hadi mtu anatupa wafalme?

Jumapili, 12 Mei

Nimemsimulia mume wangu, kuanzia fremu hadi dari. Alisikiliza hadi mwisho. Safari hii aliweka kila kitu chini. Akauliza, "Sasa mbona una sura ya mtu aliyeshinda?"

Sijui anajua nini huyu.

Jumatatu, 13 Mei

Saa saba na nusu, chumba cha kupimia, nimefunga mlango.

Asubuhi Bi Lenzi aliniita. Bahasha iko mezani kwake, haijafunguliwa. Anasema mtu wa miaka kumi na tisa akikusukumia bahasha chini ya mlango badala ya kubisha, unampa nafasi ya kubisha. Nikamwomba anipe hadi saa nane. Akasema, "Saa nane ikipita hujanena kitu, naifungua." Ukarimu huo umetoka wapi? Mashine ameileta yeye mwenyewe.

Nikadhani nitasubiri dakika tano, nikaichukue, niichane. Basi.

Ndipo ujumbe wa Profesa ukaingia. Kuna mgeni kutoka meza kubwa, anapita leo tu, ameambiwa habari zangu. Saa nane na nusu. Jumatatu! Hatujawahi kucheza Jumatatu. Na mgeni gani asiye na jina?

Ni mtego, hata mtoto angeuona. Nataka tu kumtazama machoni huyo mgeni. Nikae karibu, nione wanatazamana vipi. Karata sishiki. Au moja tu, ya kupima.

Mteja wa saa nane nimempa mwenzangu.

Saa nane kasoro dakika tatu. Kutoka nje lazima nipite mlangoni kwa Bi Lenzi. Mlango uko wazi, namsikia anafungua droo, labda anatafuta kisu cha bahasha. Nikipita bila kusimama ataelewa. Koti jeupe nimeshalivua, na mkoba uko begani. Sisimami.