Siku Niliyosema Msijisumbue

Mwende wangu,

Alfajiri umekuja tena. Umekaa kwenye mkeka wetu hapa Likoni, miguu umeikunja upande, unakula na husemi. Mimi nimesimama mlangoni, viatu vya ofisini mkononi, najua kwamba umekufa na wala sioni ajabu. Nilipoamka chumba kilikuwa bado kina ule weupe wa kabla ya jua, nikalala vivyo hivyo nikiogopa kujigeuza, nisije nikakumwaga. Mama ananiambia nikutolee sadaka. Nimeona kwanza nikuandikie, maana nina habari ya kazi, na wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kuisikia kabla ya watu wote.

Wamenichukua, Mwende. Ile kampuni ya makontena ya Changamwe, idara ya fedha, mafunzo ya kazini ya miezi sita. Zile barua zetu mbili za kuomba nafasi tulizozipeleka siku moja, kabla kifua chako hakijaanza kukubana, zilisomwa kweli. Sisi tulidhani zimefungiwa mahamri.

Aliyenihoji ni Bi Chebet, mkuu wa idara, mama wa bara mwenye sauti ya upole. Dirisha lake linatazama makontena yaliyopangwa mpaka juu, mekundu na ya kijani, na nyuma ya kioo malori yanapita bila sauti. Nilijibu kila swali, sijui hata nani alikuwa akisema kwa mdomo wangu. Mwisho akaniambia, "Kuna pesa kidogo ya nauli na chakula, kila mwezi. Tukuandikie?"

Nami nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema, "Ah, msijisumbue."

Usicheke. Unajua nilivyolelewa. Sokoni nitabishana na muuza leso mpaka aape, lakini kitu anachokupa mtu huku anakutazama usoni, mimi nakiona kama sahani ya wali. Unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, ndipo unanawa mikono. Basi nikangoja anibembeleze. Bi Chebet akatabasamu, akasema, "Asante sana, wengi hawaelewi hali yetu," akapiga mstari kwenye karatasi. Nilifika getini nikiwa bado nangoja.

Nyumbani Mama aliusoma uso wangu kabla sijavua viatu. Akauliza, "Ukakataa mara ngapi?" Nikamwambia mara moja. "Naye?" Nikasema, "Akashukuru." Wallahi alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kisha akalitazama karai lake la bajia za kuuza, nikajua anapiga hesabu ile ile niliyoipiga mimi njiani. Feri ni bure, lakini kutoka kisiwani hadi Changamwe si bure, na bajia tayari zinalipa kodi ya nyumba. Bila ile pesa ningekwenda kazini wiki mbili, labda tatu, kisha nikae nyumbani. Na nikirudi kuiomba, nilihofia wataniona msumbufu, wamwite mwingine.

Hapo nilikukumbuka mpaka nikakukasirikia kwa kutokuwepo. Nilikumbuka siku ya kwanza nilipokuleta kwetu. Mama akasema karibu chakula, nawe ukavua viatu ukaketi. Hukusema "nimeshakula", hukusema "hata kidogo tu". Nilitamani ardhi ipasuke. Ukamwambia Mama, "Mimi nikiitwa chakula nasikia mara ya kwanza," naye tangu siku hiyo akawa anakuwekea wewe kichwa cha samaki, mimi mwanawe naangalia.

Basi nikarudi. Nikamwamkia Bi Chebet, nikamwambia, "Ile juzi niliposema msijisumbue, sikuwa nimekataa. Nilikuwa nangoja uniambie tena." Akanitazama kama mtu anayetafuta miwani yake. Nikamweleza desturi yetu, yote, mpaka kunawa mikono. Akaweka kalamu chini, akasema polepole, "Miaka yote hii niko Mombasa. Wageni wananiambia wameshiba, na mimi naondoa sahani."

Tulicheka, akaniandikia ile pesa na kunionesha kiasi chake. Nikamwambia ile pesa haimtoshi mtu wa Likoni, nikataja kiasi changu. Sauti ilikuwa kama yako. Akasema bajeti haifiki hapo, akafunua faili, akageuza karatasi. "Lakini kuna huyu mwenzako, Mwende. Barua zenu zilikuja pamoja. Tumempigia, simu haipatikani. Nafasi yake bado iko."

Nikasema, "Amefariki."

Sikuwa nimewahi kulisema neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe. Watu walilisema, mimi nikaitikia. Lilitoka dogo sana.

Akanipa pole. Kisha akasema posho iliyotengwa kwa ajili yako ataiongeza kwangu. Nikakataa, na safari hii, Mwende, ilikuwa hapana ya kweli. Ila nilikuwa nimeshamfundisha. "Chukua," akasema. Nikakataa tena. "Chukua, mwanangu," akasema, mkono kifuani, kichwa kimeinama, anabembeleza vizuri kuliko shangazi zangu wote. Makontena yakaniyeyukia dirishani. Nikatia sahihi.

Nimeanza kazi. Mezani kwetu kuna viti viwili, na kimoja hakina mtu. Mchana jua likipiga kioo, tarakimu zinaelea kwenye kompyuta, nami nageuka nikuoneshe kitu, kisha narudi kwenye kazi yangu. Inaniuma. Sikutaka kupata riziki kwa sababu wewe hupo, na sijui nifanye nini na jambo hilo.

Pumzika, rafiki yangu. Ukija tena alfajiri, zungumza, hata unitukane. Nusu ya posho yako imeziba pengo la nauli yangu, nakuomba radhi. Nusu nyingine siigusi. Kila mwisho wa mwezi, mpaka muda wetu uishe, nitakwenda nayo Chaani kwa mama yako. Rambirambi amepokea za kutosha. Mimi nitaiweka mkononi mwake na kumwambia, "Mama, huu ni mshahara wa Mwende."

Wako,
Mwanasiti