Samaki wa Kuokota

Mwea,
16 Oktoba 1968

Kwako Baba Simeon,

Pokea salamu za nyumbani. Mpunga umesimama vizuri, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Unajua sisi kwetu samaki hatuli. Lakini jirani yetu, Mama Atieno, alinifundisha kupika wale wadogo wa mfereji, wanaoficha watoto wao mdomoni wakiona hatari. Jana asubuhi niliwakuta wengi wanaelea, nikasema ati Mungu amenirahisishia kazi. Niliokota kikapu kizima. Simeon alikataa kula, nikamlisha kwa mkono wangu.

Leo nilipomsimulia Mama Atieno, alishika kichwa. "Samaki huvuliwa, haokotwi! Hukuona watu wakinyunyiza dawa kwa mpunga?"

Mtoto anatapika tangu alfajiri. Jirani yetu Njue anakuja na baiskeli tumpeleke zahanati, na barua hii ataipitisha posta.

Kuna jambo sikumwambia Mama Atieno. Nilipompasua samaki mkubwa, nilikuta watoto wake mle mdomoni, wote wamekufa. Nilidhani ndivyo walivyo. Nikawatupa, nikaendelea kupika.

Njoo upesi.

Ni mimi mkeo,
Warigia