Reli Inayotoka Dirishani

Mjukuu wangu Nakato, barua hii usimsomee mtu, hata baba yako; hajui kwamba niliwahi kuwa mwoga. Sisi wazima, na bibi yako ameanza kutembea bila fimbo.

Umeuliza kwa nini reli yangu ndogo ya mezani, ya kuchezea, inapita dirishani hadi nje. Wakati wa utawala wa wanajeshi nilikuwa karani kijana, mwoga. Vilima nilifinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo. Mataruma, vile vipande vinavyolaliwa na reli, yalikuwa njiti za kiberiti. Askari akaja kupekua nyumba.

“Karani, reli hii inavuka mpaka?”

Watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

“Haiendi popote, afande. Inazunguka tu.”

“Kama wewe,” akacheka, akaondoka.

Neno hilo lilinichoma. Siku ileile niliukata mduara, nikainyoosha reli hadi nje ya dirisha.

Ukifika mtaani kwetu Bugolobi, usiulize jina langu. Tafuta dirisha lenye reli.

Babu yako