Unga Uliorudishwa Garini

Mama,

Mjukuu wako Musa amenyonya akalala, nimepata nafasi. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na kuna jambo ambalo sikutaka ulijue. Lakini umekufa, litakuuma wapi.

Siku ile wanaume walipokupeleka makaburini, sisi wanawake tumebaki uani, gari la mheshimiwa likaingia. Mbunge wako yule yule. Tangu vita viishe tukarudi kijijini Nakaloke kutoka kambini, ulimzungukia nyumba kwa nyumba: "Mpeni kijana huyu, atatuinua." Na kweli, zamani hakuacha msiba. Alikaa mkekani, akala kwa mkono. Alituogopa, Mama. Kura zetu karibu zimwangushe ule mwaka wa maneno ya kisima alichoahidi asikichimbe. Ndipo mipaka ikachorwa upya, mstari ukakizunguka kijiji chetu kama mtu anayekwepa kinyesi. Tukatupwa jimbo la jirani, lenye watu wengi mpaka mbunge wa huko hana haja na sisi.

Dereva alikuwa mgeni, alisikia tu tangazo la msiba redioni, akawaleta bila kujua tumeshahamishwa jimbo. Wakashusha magunia mawili ya unga na katoni ya sukari. Mheshimiwa akaanza kutoa pole, msaidizi wake akamnong'oneza. Akamgeukia shangazi Zaina.

"Mama, hapa si ng'ambo ya barabara, jimbo lile lingine?"

"Ng'ambo ndiyo. Marehemu hakuhama, bwana. Ni nyinyi mliohamisha mstari."

"Poleni sana, mama zangu. Lakini hivi ni vya watu wangu."

Wakapakia. Gunia moja tulikuwa tumeshalifungua. Wakalifunga kwa kamba waliyoikata kwenye turubai letu. Shangazi akapaza sauti: "Mchukueni na yeye basi! Miaka yote alikuwa wenu!" Watu wakacheka. Msibani kwako, Mama. Na mimi nikacheka, halafu maziwa yakakataa kutoka siku nzima.

Usiwaonee wivu aliowabakiza jimboni mwake. Daraja lao limekatika, hajaenda hata kulitazama. Ya nini, na kura zao anazo tayari?

Nakukasirikia pia. Wewe ndiye uliyetufundisha kupiga makofi kwanza, kuuliza baadaye.

Juzi yule msaidizi amenifuata mpaka hapa nyumbani kwangu Nalufenya. Mheshimiwa amepata mpinzani mkali, sasa eti mstari utachorwa tena, turudishwe kwake. Anataka daftari lako la majina ya akina mama, na mimi niwakusanye kama wewe. Nikikubali, baba Musa atapewa kazi ya ulinzi Mbale. Unajua amekaa bure tangu kiwanda kifungwe. Nikamjibu yule bwana, "Daftari lipo, lakini hupati." Tangu hapo baba Musa haongei na mimi. Jana tumekula muhogo mtupu, kila mtu na ukuta wake.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nimechoka. Lakini silitoi.

Mama, Mungu akupanulie huko uliko. Nakuahidi: Alhamisi namfunga Musa mgongoni, nakwenda Nakaloke, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina kama ulivyoandika. Sitamsifia mtu. Nitawauliza wale wanawake swali ambalo wewe hukuwahi kuwauliza: wao wenyewe wanamtaka nani.

Mwanao,
Mariamu