Panya Wangu na Ndizi Zako Zilizogoma

Tata,

Shikamoo baba yangu, hata huko uliko. Niliahidi kukueleza kazi yangu nikirudi likizo, nawe ukaondoka kabla. Ni miezi minane sasa. Mama amepanda maharage mpaka ukingoni mwa shimo lako la kuvundikia ndizi, lakini shimo lenyewe hajamruhusu mtu kulifukia.

Mara ya mwisho tulicheka mpaka ukakohoa. "Yaani nimepalilia kahawa miaka yote hii usome, halafu unafuga panya!" Tena panya wenye uvimbe.

Basi sikiliza. Mwilini mna seli zinazotengeneza kingamwili, zile kinga za kupambana na maradhi. Huzaliwa changa, hukomaa hatua kwa hatua, ila ni vigumu kuzinasa zikiwa njiani. Hapo ndipo panya wanapotusaidia. Kila uvimbe umetokana na seli iliyogoma kwenye hatua fulani, ikabaki kuzaa zinazofanana nayo. Ukipanga uvimbe wa hatua mbalimbali, kuanzia changa hadi pevu, unaiona safari nzima.

Umeshatambua, eti? Ni zile ndizi zako zilizogoma kuiva. Wenzako walizitupa. Wewe ulizipanga juu ya majani, kuanzia mbichi kabisa hadi zilizokaribia kuiva, ukaniziba macho kwa kiganja chako kinachonuka rubisi, pombe yako ya ndizi, ukasema, "Bonyeza, uniambie hii imefika wapi."

Sasa nikuambie linaloniuma. Mwaka wangu wa kwanza, profesa alikuta nimeshapanga seli zetu hivyo kabla hajanielekeza. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikasema, kitabuni. Niliona haya, Tata. Katikati ya watoto wa madaktari, nilishindwa kumtaja mkamua rubisi. Ulipofariki, uongo ule ulinizuia hata kulia.

Juzi nilisimama mbele ya watahini. Mmoja akaniuliza swali lilelile. Nikajibu, "Baba yangu. Alikuwa mkamua rubisi, kijijini kwetu Nyakakika. Alinifundisha kwa ndizi." Nikawaeleza shimo, majani, kiganja. Profesa wangu alikuwepo, akasikia yote.

Nimefaulu. Krismasi nakuja nyumbani. Nitavundika ndizi mwenyewe, na zitakazogoma nitawapangia wajukuu zako, niwazibe macho. Wakiuliza nani alinifundisha, nitakutaja kwa jina.

Pumzika, Tata. Sitakuficha tena.

Mwanao,
mfuga panya