Uvimbe wa Shingoni mwa Baba

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wa huku hatujambo, ila Baba. Naandika kwa sababu kwenye simu Baba angesikia.

Majibu ya kinyama walichokata kwenye uvimbe wa shingoni mwake yametoka. Yako kwa Kiingereza, nikamsomea: limfoma. "Ndiyo kansa?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akajifunga taulo shingoni, akarudi kunyoa watu. Wateja wanamtania, "Fundi, leo unajinyoa mwenyewe?" Hospitali hataki tena. "Yule seremala jirani yetu, kwa kansa hiyo hiyo walimkata mguu na bado akafa. Mimi watanikata nini, shingo?"

Wewe ndiye mtu wa maabara. Nimwambie nini?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama. Mwambie huyo kaka yangu mkaidi kwamba kansa si moja. Ya seremala ilianzia mfupani. Hiyo ni sarkoma, na mara nyingi hudai kisu. Kuna kasinoma, inayoanzia kwenye ngozi au utando wa ndani wa viungo. Kwenye hadubini seli zake hung'ang'aniana kama ukoo unaogombea shamba. Limfoma ni askari wa mwili walioasi: viduara vya zambarau, kila kimoja kivyake, vimejaa pote. Miaka yote hii bado vinanikata pumzi kwa uzuri. Hao huwafuati kwa kisu. Dawa hupita mshipani, ikawakuta waliko. Wengi hupona. Siahidi. Ila asipokwenda nitakuja kumburuta.

Shangazi yako

14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Yale maumivu yako ya mgongo yamepoa? Nisamehe ukimya.

Barua yako niliogopa kumsomea tukiwa wawili, nikaisoma kinyozini, mbele ya wateja. Sijui nguvu ilitoka wapi. Mzee mmoja, kichwa nusu kimenyolewa, akasema, "Fundi, nenda. Mimi nitatembea hivi hivi." Baba akafungua taulo la shingoni mwake.

Hospitali daktari alituruhusu kuchungulia hadubini. Nakiri, niliona uzuri, nikaona haya kuuona. Baba akainama muda mrefu. "Hawa wote ni wangu?" "Wako." Akavua kofia.

Dozi ya tatu imeingia. Jana alichukua mkono wangu, akauweka shingoni mwake. "Tafuta."

Nilitafuta, Shangazi. Nilitafuta mpaka akaanza kucheka.

Mwanao