Askari Aliyeruka Hatua Mbili

Maskati,
Ijumaa, baada ya swala

Kwa mdogo wangu Mbwana,

Assalaam alaikum. Salamu ni wajibu, ndiyo maana nimekutolea, usidhani nimepoa. Mimi ni mzima, joto la huku latuchemsha, na kazi ya wodini ni ile ile. Hali ya mkeo na watoto naiulizia kwa moyo safi. Ya Baba sikuulizi, kwa sababu utanidanganya.

Umenidanganya tangu Ramadhani. Barua tano, Mbwana! Ulianza kwa kuniambia mikono ya Baba yatetemeka, kwa hivyo wewe utakuwa ukimpigia taipu huko kazini kwako Changamwe. Nikakushukuru, tena nikakuombea dua. Kila barua ikaja na hatua yake ya sataranji, nami nikajibu kwa yangu, kama mimi na Baba tulivyofanya tangu nije kuuguza huku. Nikaona mzee amekuwa mkali ajabu. Amenila ngome, amenibania mfalme pembeni, nami najisifu kwa wauguzi wenzangu kwamba babangu wa Kisauni akili zazidi kumnoleka uzeeni. Mjinga mimi.

Kilichonitia shaka kwanza ni kwamba hakunikejeli. Baba hajawahi kuniandikia hatua kavu. "Ewe muuguzi, mfalme wako mgonjwa, mtazame!" Barua zako hazikuwa na hata neno moja la namna hiyo. Kisha ikaja hii ya mwisho: askari wa pembeni, ambaye hajaguswa tangu mchezo uanze, ameruka hatua mbili.

Wewe hujui ulichofanya, maana tulipoitwa ubaoni ulikuwa ukikimbilia mpira. Baba alifunzwa mchezo huu na makarani wa Kihindi bandarini, na kwao askari huenda hatua moja tu, hata akiwa ndiyo kwanza atoka. Dunia nzima waruka mbili. Nyumbani kwetu ni mwiko. Baba angeuza nyumba kabla ya kumrusha askari vile.

Kuna daktari hapa ana programu ya sataranji kwenye kompyuta yake. Waipangia kete zilivyo, yafikiri kidogo, kisha yakuonyesha hatua iliyo bora na nani yuko juu. Nikamwomba tuipe mchezo wetu, barua baada ya barua. Hatua zako tano, nayo ikatoa tano zile zile, pamoja na huyo askari. Daktari akacheka, "Sista, baba yako ana kichwa kama mashine." Nikatoka nje nisije nikamtukana asiye na kosa. Nilikumbuka ile kompyuta ya ofisini kwenu uliyonisifia kuwa ina michezo.

Jana nikapiga simu dukani kwa jirani wa huko Kisauni, nikaomba niitiwe shangazi. "Shangazi, Baba bado acheza sataranji?"

Nikamsikia akilia. "Mwanangu, babako hawezi tena. Juzi nimemkuta akoroga chai kwa farasi wa sataranji. Akaniuliza, wewe u nani, mbona wanitazama? Mbwana alitwambia usijulishwe, utaacha kazi."

Nitaacha kazi! Kwani hilo si langu kuamua? Mimi huku naosha wazee wa watu, nawakata kucha, nawajibu swali moja mara ishirini kwa siku, tena kwa upole. Wa kwangu asahau jina langu huku nikicheza na mashine ya ofisi yako? Usiniambie ulinihurumia. Wallahi ungekuwa karibu ningekuzaba kofi, na ndevu zako hizo. Umeniibia miezi, Mbwana. Pengine ndani ya miezi hiyo zilikuwako siku alizonikumbuka, nami nikamwandikia habari za ngome na waziri. Ningemwandikia maneno mengine.

Likizo nimeomba, nimeambiwa nisubiri hadi mwezi ujao. Nakuja, inshallah.

Nisalimie shangazi, mwambie hasira zangu si zake. Nisalimie wifi yangu, ambaye najua ndiye amfuliaye Baba mashuka, mwambie namwombea kila swala. Watoto wabusu.

Sasa sikiliza. Mchezo wa mashine nimeufuta. Rudisha kete zilivyokuwa kwenye barua ya mwisho aliyoiandika Baba kwa mkono wake, pamoja na jibu langu. Zamu ni yake. Mkalishe barazani baada ya alasiri, mwekee ubao, usimwelekeze, usimshike mkono. Chochote atakachosogeza, niandikie. Akimrusha askari hatua tatu, niandikie. Akimtia farasi kwenye chai, niandikie: farasi, chai.

Nami nitajibu.

Dada yako, ambaye hajakusamehe,
Mwanaidi